Godoro Hili Atalilalia Nani

Saumu na Kelvin, mliobaki dukani, mliniomba niandike machache kabla sijayasahau, nami nikawajibu kwamba mtu aliyeuza magodoro miaka ishirini na sita hana la kuandika. Wateja huingia, hulala, huinuka, wakanunua au wakaenda zao. Lakini tangu niache kazi mwezi uliopita nimekuwa nikiamka alfajiri sina pa kwenda, na baada ya kuswali, nikikaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi, nyuso zao hunijia moja moja. Basi haya ndiyo ninayoyakumbuka. Vyeo sitavitaja, kwa sababu duka letu halikuwa na vyeo. Alikuwako Bwana Nassor mwenye duka, na tulikuwako sisi wengine.

Kabla ya magodoro nilikuwa nikishona foronya nyumbani kwangu Kisauni na kuwapelekea wenye maduka ya barabara ya Malindi. Bwana Nassor alikuwa akizichukua zote, halafu analalamika kwamba pindo si sawa. Siku moja akaniambia, "Rehema, unapenda kusema na watu. Njoo uuze na hicho kitu kinacholazwa chini ya foronya." Nikaenda, nikidhani ni kazi ya mwezi mmoja.

Siku ya kwanza nilikuta magodoro yamesimamishwa kwa ubavu mpaka darini, na harufu ya sponji mpya iliyoniumiza kichwa hadi adhuhuri. Katikati palikuwa na kitanda kimoja cha kujaribia, kimeielekea barabara. Muuzaji alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mwembamba, miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sponji huko Changamwe kabla mgongo wake haujamkataza kubeba. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua, na sharti lake la kwanza lilikuwa hili: mteja asinunue godoro hajalilalia. Asilikalie wala asilibonyeze kwa kidole. Avue viatu, alale upande anaolala kwake, na akae hapo dakika kumi.

Mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, amekuja na dadake. Nikamkaribisha, nikamwonyesha kitanda, nikamwambia kama nilivyofundishwa asubuhi ile.

"Nilale hapa?" akaniuliza. "Hapa barabarani? Wallahi sijapatwa na wazimu bado."

Nikatazama nje. Kweli, walikuwako watu wa mikokoteni, muuza mahamri, na kijana wa kuosha magari, wote wametutolea macho. Bwana Mutiso alikuwa ameinamia kitabu chake cha stoo, anajifanya hasikii. Nikaivua leso niliyojitanda mabegani, nikampa dadake ncha moja, nikashika ya pili, tukaisimamisha mbele ya kitanda. Yule mama akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavua viatu.

Tukasikia anajigeuza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya leso: "Hili linanimeza. Leteni jingine."

Tulimletea manne. Mikono yetu ilikuwa imechoka kushika leso, na nje watu walikuwa wameongezeka. Muuza mahamri akauliza kama kuna mtu anajifungua. Mama yule alipoinuka alikuwa anacheka, akaniambia mgongo wake haujanyooka vile tangu mtoto wa tatu. Halafu akaenda kununua Likoni, karibu na kwa mamake, kwa sababu huko wangempelekea godoro mpaka mlangoni.

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Bwana Nassor alisimama akikitazama kitanda, akanitazama mimi, akamwita fundi apigilie waya na kutundika pazia. Wiki ile ile wakaja wanawake sita, mmoja baada ya mwingine, wote wakiuliza, "Ni hapa penye kulala kwa stara?"

Sasa kuhusu mkono. Mlikuwa mkiniona nabonyeza godoro kwa ngumi, nikadhani mnaelewa, lakini siku nyingine Kelvin unabonyeza kama unayekanda unga. Ngumi inashuka polepole mpaka inapogusa chini, inakaa hapo kidogo, halafu inatoka mara moja. Angalia shimo. Sponji nzuri hufunga shimo bila haraka na bila uvivu. Ikiruka kama mpira, ni nyepesi na itabonyea kabla mwaka haujaisha. Ikichelewa, imekaa sana stoo au imepigwa na jua. Bwana Mutiso hakuamini maneno ya kwenye kava. Alikuwa na mzani wa ndoano, ule unaoning'inia nyuma ya mlango hadi leo, na godoro lililodaiwa kuwa gumu likawa jepesi, hurudishwa kwa aliyelileta. Alifungua zipu ya kila godoro jipya akaangalia ndani. Mara mbili katika miaka yangu tulikuta juu sponji nzima na katikati vipande vilivyogandishwa kwa gundi.

Na alikuwa na tabia moja ambayo Bwana Nassor hakuijua. Mteja akisitasita, Bwana Mutiso humwambia kwa sauti ndogo, "Nenda ukaangalie na kwingine. Huko waombe wakufungulie zipu. Waulize godoro limekaa hapo tangu lini. Waombe ulale. Wakikataa moja katika hayo, toka."

Mara ya kwanza nilipomsikia nilishtuka. "Na wakikubali yote, Bwana Mutiso?"

"Basi hilo ni duka zuri, dada. Anunue huko."

Nilichukua miaka miwili kumwelewa, na nilimwelewa kwa njia ya aibu.

Siku ile Bwana Mutiso alikuwa ameenda kwao kuzika. Aliingia mzee mmoja mrefu, mikono imekakamaa, nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa upole. Jina lake Mzee Chengo. Alikuwa amevunja mawe kwenye machimbo ya Bamburi ujana wake wote. Alikuwa amezunguka wiki nzima, maduka ya Bamburi, ya Kisauni, mpaka ng'ambo mjini, na kila mahali ameambiwa lake. Alikuwa amechoka.

"Mwanangu," akaniambia, "nipe lililo gumu kuliko yote. Majirani wameniambia mgonjwa ni godoro gumu."

Ningemuuliza mgonjwa gani. Ningemuuliza anaumwa nini. Lakini nilikuwa peke yangu, nilitaka Bwana Nassor akirudi akute nimeuza godoro kubwa, na mzee mwenyewe alikuwa anajua anachotaka. Nikamwonyesha gumu kuliko yote dukani. Akalipiga kwa kiganja, likatoa sauti kama mlango. Tukalifunga juu ya mkokoteni, akaenda amefurahi, nami nikabaki nimefurahi zaidi yake.

Wiki ya tatu akaja binti yake, Dama. Hakuja kugombana. Alisimama karibu na pazia, ameshika pochi yake kwa mikono miwili, akaniuliza kama kuna kitu laini cha kutandika juu ya lile godoro. Mamake, Mama Kadzo, alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwezi wa Ramadhani. Hawezi kujigeuza. Na sasa mgongoni chini na kwenye kisigino ngozi imeanza kuchubuka.

Nilichukua leso yangu. Nilimwambia, "Twende." Nikamwomba muuza mahamri aniangalizie mlango, nikatoka saa nne asubuhi, duka wazi, kitu ambacho hakuna mfanyakazi wa Bwana Nassor aliyewahi kukifanya.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, safi, imefagiliwa hata nje. Mama Kadzo alikuwa amelala chali juu ya godoro langu, na lile godoro halikuwa limebonyea hata kidogo. Ndiyo ilikuwa shida. Mtu mzima mwenye mifupa yake amewekwa juu ya kitu kisichompokea. Alikuwa na macho makali ya mtu anayesikia kila neno lakini ulimi haumfuati upesi. Dama akanionyesha kisigino.

Mzee Chengo akasema, "Ni gumu kweli, mwanangu. Tatizo si godoro."

"Tatizo ni godoro, mzee," nikamwambia. "Na tatizo ni mimi, sikukuuliza litalaliwa na nani."

Mzee akasogeza kigoda akanikaribisha niketi. Hilo la kuketishwa liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mimi na Dama tukaenda zahanati. Nesi wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alitusikiliza huku anafunga bandeji ya mtu mwingine. Akatwambia mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mito iwekwe katikati ya magoti, kisigino kisiguse kitu, na atafutiwe tandiko laini lenye matuta matuta kama trei ya mayai, uzito wa mwili ugawanyike. Vidonda atakuja kuviosha yeye mwenyewe. "Vimewahiwa," akasema. "Wengine huja mfupa unaonekana."

Sisi hatukuwa na tandiko la namna hiyo. Aliyekuwa nalo ni mwenye duka la vifaa vya hospitali mjini. Nikachukua kipande cha karatasi, nikamwandikia Dama mtaa na duka, nikamwambia omba lenye unene wa kiganja, ulibonyeze hivi, uangalie linavyorudi. Kisha nikarudi kazini, jasho linanitiririka.

Bwana Nassor alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kujaribia.

"Umeacha duka na muuza mahamri."

"Ndiyo, Bwana Nassor." Nikamweleza nilikokwenda na nilikomwelekeza Dama.

"Umempeleka mteja wangu kwenye duka la mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na umemwambia tulimuuzia kitu kibaya?"

"Nimemwambia *mimi* nilimuuzia kitu kibaya."

Aliinuka kutoka kitandani. Alikuwa mtu wa haki lakini hakupenda kushangazwa. Akaniambia niende nyumbani mpaka atakaponiita.

Nilikaa nyumbani siku nne. Nilifua kila kitu kinachofulika. Mume wangu aliniambia kazi zipo nyingi, lakini yeye mwenyewe hakuitaja hata moja. Kila siku saa tisa nilikwenda Bamburi kumsaidia Dama kumgeuza mamake, kwa sababu Mzee Chengo alikuwa anaogopa kumvunja. Mikono iliyopasua mawe miaka yote ile ilikuwa ikifika kwenye bega la mkewe, inaishia hapo. Nikamfundisha kama nesi alivyonifundisha: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, vuta polepole kuja kwako, usimsukume. Siku ya tatu alimgeuza peke yake. Mama Kadzo akatoa sauti, nikadhani ameumia. Dama akaniambia, "Anacheka. Anasema baba anamshika kama mayai."

Tandiko la mjini lilipofika wakalitandika juu ya godoro lao la zamani, na lile gumu wakalitoa kitandani na kulilaza sakafuni, kando ya kitanda. Mzee akawa analala hapo ili amsikie mkewe akitaka kugeuzwa. Alisema mgongo wake wa machimbo haujawahi kupata raha kama ile. Kwa hiyo lilikuwa godoro zuri. Lilikuwa chini ya mtu asiye wake tu.

Siku ya nne, jioni, Bwana Mutiso akanijia nyumbani, amesharudi kutoka kwao. Alikunywa chai, akala mahamri mawili, akaulizia watoto, kisha ndipo akaniambia. Asubuhi ile Mzee Chengo alikuwa ameingia dukani, amevaa shati lake la kanisani, akamwomba Bwana Nassor nafasi ya kusema.

"Alisema nini?"

"Alisema amezunguka maduka wiki nzima, na kila duka lilimuuzia maneno. Halafu akasema, huyu binti yenu alikosea, na alipokosea alikuja nyumbani kwangu kwa miguu yake akaniambia. Nimekuja kuwaambia nitakaponunua tena."

"Na Bwana Nassor?"

"Alimuuliza mke wake anaendeleaje. Basi." Bwana Mutiso akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kesho uje mapema. Kuna mzigo unashuka."

Bwana Nassor hakunitaja kosa lile tena. Lakini kuanzia wiki ile, kila mteja akiingia, yeye mwenyewe kutoka nyuma ya meza yake alikuwa akiuliza kwanza, kabla ya urefu na upana, "Godoro hili atalilalia nani?" Alilisema kana kwamba amelizua yeye. Sikumsahihisha.

Vidonda vya Mama Kadzo vilifunga, cha kisigino mwisho. Baada ya miezi mingi aliweza kuketi, halafu kusimama kwa fimbo. Siku moja mlango ulitiwa giza na mtu mrefu, nyuma yake mwanamke anakanyaga hatua moja moja. Alifika mpaka kitandani. Nikamvutia pazia ili ajilaze, akanipiga mkono kidogo kwa fimbo yake.

"Mimi nimekuja kukaa," akasema, neno moja moja. "Kulala nimelala vya kutosha."

Akakaa juu ya kila godoro mle dukani, moja baada ya jingine, na hakununua lolote. Bwana Nassor akaagiza soda.

Miaka ile mingine ilipita kwa mambo ya kawaida. Bwana Mutiso alirudi kwao Machakos mgongo ulipomshinda kabisa, akaniachia mzani wa ndoano na lawama kwamba nafunga zipu ovyo. Nilijifunza kuuliza habari za kitanda kabla ya godoro, kwa sababu nusu ya malalamiko ni chaga, zile mbao za chini, mtu amezipanga mbalimbali kama ngazi kisha analaumu sponji. Nilijifunza kuwaambia watu watoe nailoni, maana kwa joto letu hili, anayelala juu ya nailoni anaamka kama amevuliwa baharini. Nilijifunza pia kwamba bwana na bibi arusi wasilaumiwe wakigombana dukani. Wale ndio wanaoongea. Muwaogope wanaokubaliana upesi.

Kisha zikaja simu, na magodoro yaliyoviringishwa ndani ya boksi. Kelvin, wewe ulikasirika sana mwaka juzi. "Mama, hawa wanakuja kulala tu! Wakitoka hapo nje wanaagiza kwa simu." Ulitaka tuwatoze, au tuwanyime kitanda. Nilikwambia uwaache, ukanitazama kama nimezeeka. Labda nimezeeka. Lakini mtu anayetafuta pa kununua godoro anatafuta mahali pa kulala miaka kumi, na nusu ya miaka hiyo mtoto atakuwa katikati. Anastahili kutusumbua kidogo. Wengine hawarudi. Wengi wao hurudi, godoro la boksi likiwa limekataa kufura upande mmoja, na wakirudi hawahitaji kuelezwa mambo.

Namalizia na mteja wangu wa mwisho, ambaye nyote wawili mnamkumbuka.

Bi Mwanakombo alikuja siku tatu kabla sijaondoka. Alitoka Timbwani, kule Likoni, amevuka feri, amepanda gari mpaka kwetu, na mkononi ana mfuko wenye maji ya kunywa na ndizi mbili. Saumu, wewe ulimwamkia, ukamuuliza atakayelilalia ni nani.

"Mimi," akasema. Kisha akarudia kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kiatu. "Mimi peke yangu."

Tulipomwekea kiti akatueleza. Umri wake sitini na kitu. Alilala na nduguze kwenye mkeka, akaolewa akalalia godoro la sufi la mama mkwe, akazaa akalala pembeni, akamuuguza mumewe miaka minane akalala kwenye kiti. Sasa mumewe ametangulia mbele ya haki, wanawe wako Nairobi, na wao walitaka kumwagizia godoro kwa simu, lifike kesho. Amewakatalia.

"Nimewaambia, nipeni nichague. Sijapata kuchagua. Leo ni duka la tisa hili."

Hakuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu mimi pia sikuwa nayo. Tukampa la futi tatu kwa sita, la ugumu wa kati. Saumu akamfungulia zipu bila kuombwa, akamweleza lilifika lini. Akavua viatu akavipanga sambamba, akapanda, akageukia ubavu wa kulia. Nikavuta pazia.

Dakika kumi zikapita, na ishirini. Kelvin, wewe ndiye uliyechungulia ukarudi na macho makubwa: "Bibi amelala. Amelala kabisa." Mteja mwingine alitaka kujaribu, mkamwomba arudi baadaye, na akakubali. Mlizima redio bila mimi kuwaambia. Alilala mpaka adhana ya alasiri, akatoka ameshika ukuta, kilemba kimemkaa upande, anaona haya.

"Nisameheni, wanangu. Sijui nilikwenda wapi."

"Basi tulifunge, Bibi?" Saumu ukamuuliza.

Akaliangalia lile godoro kwa muda. "Kuna duka moja bado Changamwe," akasema. "Nilijiahidi niyaone kumi."

Nilimwandikia vipimo kwenye karatasi, nikamwambia na huko aombe kulala. Nikamsindikiza mpaka kituoni. Siku ya tatu mkanikatia keki, mkaniimbia vibaya, nikaenda nyumbani, na Bi Mwanakombo hakuwa amerudi.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa uani naanika nguo, simu ikalia. Ni wewe Saumu, unanong'ona.

"Mama Rehema, yule bibi wa Timbwani amerudi."

"Amesema nini?"

"Amesema Changamwe walimkaribisha vizuri, walimfungulia zipu na kila kitu. Lakini hakupata usingizi. Ameshalipa, Kelvin anatafuta gari la kulipeleka mpaka Likoni."

"Na yeye yuko wapi?"

Nikasikia unatembea, kisha ukasimama, sauti ikazidi kushuka.

"Amesema ajinyooshe kidogo gari linapotafutwa. Tumemvutia pazia."